Uzi wa Dereva

Mambo yote yaligharimu taa moja ya mbele, bampa, bati la ubavu wa kushoto, madebe kumi na saba ya mafuta ya nazi kati ya ishirini na mawili, na kuku mmoja aliyemponyoka mwenyewe akarukia upande usiofaa. Nimehesabu mara mbili. Mtu hakufa, wala hakuumia, isipokuwa mwenye kuku, naye aliumia moyo. Halafu kuna kiti kimoja cha mbele, upande wa usukani, ambacho mwenye kukikalia aliteremka asikipande tena. Hicho sijajua nikitie fungu gani, na ndicho kilichonikalisha hapa kuandika.

Nitamwita Dereva, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita miaka minane. Yeye aliniita tajiri. Kwetu Malindi dereva humwita tajiri yule mwenye gari, na pikapu ile haikuwa yangu hata msumari wake. Ilikuwa ya Mhindi mwenye duka la rangi na misumari, ambaye alinikodisha kila Jumanne pamoja na mtu wake. Lakini Dereva aliona kwamba tajiri ni yule anayesema "twende," na mimi nilikuwa mwingi wa kusema "twende." Basi kila Jumanne alfajiri mtu aliyenizidi miaka ishirini nilimpa shikamoo, naye akaniitikia, "Marahaba, tajiri," na hakuna aliyeona kichekesho.

Nilikuwa nakusanya mafuta ya nazi kwa kina mama wa Mambrui na kuyapeleka Mombasa. Gari lilikuwa limeshiba harufu ya nazi. Ilikuwa kwenye kiti, kwenye usukani, kwenye kofia ya Dereva. Watu wa kivukoni Kilifi walisema hawahitaji kugeuka kututazama. Naomba msomaji aiweke harufu hiyo akilini, nitairudia.

Watu walisema pia mengine. Mjane na mwanamume asiye na mke, kiti kimoja, safari ya kutwa, kila wiki. Dereva alilimaliza jambo hilo bila kulitaja. Jumanne ya pili tu alichukua debe moja la mafuta akaliweka katikati ya kiti, baina yake na mimi, na tangu siku hiyo debe moja lilisafiri mbele kama kadhi. Likiwa limejaa au tupu, lilikaa. Nikimpa kahawa kutoka kwenye chupa yangu, niliiweka juu ya debe, naye akaichukua juu ya debe. Miaka minane vidole vyetu havikugusana, na hakuna mtu aliyewahi kunijua kuliko yule.

Gari aliliamini. Sisemi alilipenda, maana kupenda ni maneno, na yeye kwa maneno alikuwa bahili kuliko mimi kwa pesa. Aliliamini kama mtu anavyomwamini mwenziwe aliyekwisha kuzikiana naye wazee. Hakuliapiza. Mlango wangu ulikuwa unafungwa kwa kamba, na hata kamba ile hakutaka niivute kwa hasira.

"Limekukosea nini?" angeuliza.

"Mlango haufungi, Dereva."

"Haufungi, lakini umekuambia haufungi. Hujaanguka. Mwenye kukuambia kweli humvuti hivyo."

Mara moja, tukiwa tumepita Gede, alisimamisha gari katikati ya msitu ambapo hapakuwa na mtu wala kibanda. Nikamuuliza kulikoni. Akainua kidole ninyamaze. Nilinyamaza, ingawa sokoni hakuna aliyewahi kuniweza kwa hilo. Gari lilikuwa kimya, na yeye alikuwa kimya zaidi. Kisha akashuka, akazunguka gurudumu la nyuma, akaniita. Nati tano ndizo zinazoshika gurudumu. Zilikuwapo tatu. Nikazihesabu tena, zikawa tatu, na mojawapo niliizungusha kwa vidole.

"Umejuaje?"

"Limeniambia tangu Gede. Mimi ndiye niliyechelewa kusikia, wewe ulikuwa unasimulia bei ya tui."

Tangu siku hiyo niliacha kusimulia bei kwenye sehemu ile ya barabara, na nikaanza kuliamini gari pia. Ndiyo kusema nilimwamini yeye, ila kusema hivyo kungekuwa kulitoa debe katikati.

Mtu aliyeliamini gari kiasi hicho hakuiamini feri hata chembe. Tukiwa juu ya maji Kilifi hakukaa ndani. Aliweka vigogo viwili mbele ya magurudumu, akasimama na kiganja juu ya boneti, akisoma anayoyasoma, macho kayafumba. Wauza korosho walimcheka. "Mzee, unalituliza gari au gari linakutuliza wewe?" Mimi nilimjibu mmoja wao kwamba apunguze maneno na aongeze korosho kwenye kifuko, na kwa kweli aliongeza nne.

Breki ya mkono ya pikapu ile ilikuwa pambo tu. Dereva alilijua hilo na hakulificha. "Hii haisemi kitu," alisema, "kwa hiyo siiulizi." Aliuliza breki ya mguu peke yake. Na kwa breki ya mguu alikuwa na uzi.

Uzi wenyewe ulikuwa mweupe, wa pamba, umening'inia kwenye kioo cha ndani. Kila alipotia mafuta ya breki alipiga fundo. Kusoma alijua, msahafu aliusoma kwa sauti ya kukutoa machozi, lakini mambo ya gari hakuyaandika. Alisema karatasi huingia mfukoni ukaisahau, uzi uko mbele ya uso. Kwa urefu baina ya fundo na fundo alijua gari linakunywa kiasi gani. Hakumruhusu mtu kufungua boneti yake. Hata mwenye gari, akitaka kutazama, alisimama kando na mikono nyuma kama mgeni aliyeonyeshwa mtoto mchanga.

Sasa nifike Jumanne ile ya kwanza, maana zilikuwa Jumanne mbili.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, siku za joto, na foleni ya kivuko Kilifi ilikuwa ndefu kupita kawaida. Tulichelewa kutoka kwa sababu mama mmoja wa Mambrui alitaka kunipimia debe lenye maji chini, na mimi si mtu wa kuachia jambo kama hilo. Tulipofika Gede, Dereva alifungua boneti.

"Mafuta ya breki yamefika nusu. Kilifi nitapanda mjini kununua kopo."

"Ukipanda mjini tutapoteza foleni."

"Tutapoteza."

"Mpaka lini yanaweza kungoja?"

"Tajiri, hapa hakuna bei. Nusu ni nusu."

Matsangoni akasimamisha gari akaingia msikitini kusali adhuhuri. Nikabaki na hesabu yangu: kupanda mjini, kutafuta duka lililo wazi, kushuka, kuanza foleni upya, kufika Mombasa wanunuzi wamekwisha kwenda zao. Nikahesabu mara ya pili, ikawa mbaya zaidi. Na hapo ubavuni mwangu limekaa debe la mafuta. Mafuta safi, yamechujwa mara mbili kwa kitambaa, meupe kama maji. Yale ya breki niliyaona mara mia, nayo ni mafuta. Nikashuka, nikainua boneti, nikafungua kile kikopo kidogo cha mafuta ya breki, nikamimina kwa kifuniko cha chupa ya kahawa. Vifuniko viwili na robo. Nikapangusa kwa ncha ya leso. Hata tone halikuanguka, na nakumbuka nilijisifu kwa hilo.

Nilikusudia kumwambia. Alirudi, ametulia kama mtu aliyetoka kusali, akawasha gari, nami nikaona tumalizie safari kwanza. Tulipofika penye njia ya kupandia mjini Kilifi akasimama, akafungua boneti kuyatazama tena, akakaa ameinama muda mrefu kiasi cha kunitoa jasho.

"Tajiri."

"Naam."

"Yamejaa."

Akaja akautazama uzi. Akautazama tena. Kisha akacheka, na kicheko chake mimi nilikisikia mara chache hata nisingeweza kukihesabu vibaya. Kile kilikuwa cha nne. "Nimezeeka," alisema. "Nimetia asubuhi nikasahau, na pale Gede nikaona vibaya. Hata fundo sikupiga."

Nafasi ya kusema ilikuwa pale, wazi, pana kama barabara. Nikatazama upande wa maji. Niliona aibu kuwa niligusa boneti yake, na aibu ile niliiona kubwa kwa sababu ile nyingine sikuwa nimeijua bado. Nikasema, "Basi twende."

Hakupiga fundo. "Siwezi kupiga fundo la jambo nisilolikumbuka," alisema, na tukawahi feri.

Jumanne ya pili, wiki moja baadaye, tukipita Tezo, aliinyamazisha hadithi yangu kwa kidole kile kile.

"Breki ni ngumu mguuni. Halafu inalegea. Gari linataka kuniambia neno."

Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Liambie lituambie tukishavuka."

Akanitazama juu ya debe. Hakuwa na desturi ya kunitii katika mambo ya gari, lakini nadhani lile fundo asilolipiga lilikuwa limemwingia. Mtu aliyekwisha kujishuku huanza kuwasikiliza wengine.

Kwenye kivuko cha Kilifi ilikuwa sharti abiria washuke juu ya mteremko na kwenda feri kwa miguu, dereva abaki peke yake na gari. Nilishuka, nikafunga kamba yangu taratibu. Alisema alivyosema kila wiki, "Tangulia, tajiri, utanikuta." Hakuna aliyejua maana yake, maana anayetangulia ndiye anayekutwa, lakini ndivyo alivyosema.

Sikutangulia. Nilisimama kununua mahamri. Kwa hiyo nilimwona akinipita. Alikuwa anakwenda mbio kidogo kuliko kawaida yake, kisha kuliko kawaida ya mtu yeyote. Mbele yake mteremko mzima ulikuwa watu: kina mama na vikapu, wanafunzi, mzee na baiskeli, wauza korosho. Na mbele ya watu, feri. Na mbele ya feri, maji aliyoyaogopa.

Honi haikulia, ilikuwa imekufa tangu Ramadhani. Alitoa kichwa dirishani akapiga ukelele mmoja, "Njia!" Nikasikia gia ikilia kama kitu kinachopasuliwa. Watu wakagawanyika. Alikuwa na sehemu mbili za kwenda: kulia, penye mwanya uliobaki kati ya watu, na kushoto, penye ukingo wa jabali. Wengi wangechukua mwanya. Yeye alilibana gari kwenye jabali, ubavu mzima, akaliburura hivyo mpaka chini, cheche na bati na madebe yakiruka. Likasimama gurudumu moja likiwa ndani ya maji. Harufu ya nazi ikapanda mteremko mzima kama kuna harusi.

Nilipofika alikuwa amekaa, mikono yote juu ya usukani. Hakutazama watu. Alikuwa analiambia gari, polepole, "Ahsante. Ahsante. Nimekusikia, nimechelewa. Ahsante."

Wale aliowaokoa walimtukana. Ndiyo kawaida ya mtu akishaponea chupuchupu, hofu lazima aitupie mtu. "Mzee amesinzia!" "Wapewe leseni vijana!" Mwenye kuku ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Dereva alimlipa kuku, hata bei hakuuliza, nami kwa mara ya kwanza maishani nikashuhudia mtu akipunjwa mbele yangu nisiseme neno.

Mwenye gari alituita dukani kwake siku ya tatu. Alikuwa mtu wa haki, hilo nalishuhudia. Alimkalisha Dereva, akamwagizia chai, kisha akanigeukia mimi.

"Bi mkubwa, wewe umekaa naye miaka minane. Yeye anasema kosa ni lake, gari halina kosa. Wewe uliona nini?"

Dereva alinitazama. Hakuwa ananiomba nimtetee. Alikuwa anataka kujua.

"Mimi nilikuwa nimeshashuka," nikasema.

Maneno matatu, na kila moja la kweli. Nimeyahesabu mara nyingi kuliko mara mbili.

"Kama hata wewe hukuona," mwenye gari alisema, akaufunika ufunguo kwa kiganja pale mezani. Gari aliliuza lilivyo kwa mnunuzi wa vyuma. Hakuna fundi aliyefungua breki, na kama angefungua, nani angenusa nazi ndani ya gari lililonuka nazi?

Baada ya miezi mingi, nilipokuwa nangoja tairi ya mkokoteni kwenye gereji ya Malindi, nilimsikia fundi akimfokea mteja. "Umetia mafuta ya kupikia? Mpira wa breki hauyawezi haya! Huvimba, ukakwama, ukapasuka, siku chache tu huna breki!" Mteja akauliza, "Hata yakiwa safi?" Fundi akacheka. Mimi nikaondoka bila tairi.

Tangu hapo nilisafiri kwa basi. Pembeni yangu wamekaa watu wengi, na sikumwekea hata mmoja debe.

Nilimkuta mwaka wa nne, karibu na mwisho wa miaka ile ya themanini, watu wakishazungumza kwamba Kilifi kutakuwa na daraja na feri itakoma. Alikuwa Kibarani, nyumbani kwa dada yake, amekaa barazani na bakuli la kokoto. Nilipiga hodi nikiwa nimejiandaa kusema yote. Nilikuwa nimeyarudia maneno kwenye basi kutoka Gede.

"Shikamoo, Dereva."

"Marahaba, tajiri. Umepunguza mwili. Bei ya tui ikoje?"

Sauti ile ile. Nikakaa, na dada yake akaleta kahawa, akaiweka sakafuni katikati yetu. Nikauliza kokoto ni za nini.

"Za kusali. Nikimaliza rakaa nasogeza moja. Sijiamini tena." Alisema bila huzuni, kama anayesema mvua haijanyesha. "Jiko siwashi. Dukani sitoki peke yangu. Walinitaka niwasalishe hapa mtaani, nikakataa. Mtu anayetia mafuta akasahau atawasahaulisha watu swala."

Nikamwambia si kweli, ana akili kuliko sisi sote. Akanijibu kwa kunitajia nati tatu za gurudumu, mahali, msimu, na hadithi niliyokuwa nasimulia. Alikumbuka hata korosho nne za nyongeza. Kitu kimoja tu hakukikumbuka, kwa kuwa hakukifanya.

Kisha akaingia ndani akatoka na uzi. Ulikuwa umekuwa wa rangi ya chai. Aliutandika juu ya goti kama mtu anayetandika mkeka wa mgeni.

"Nimengoja uje," alisema. "Wengine hawajui kuhesabu. Gede yalikuwa nusu, nilipotazama Kilifi yamejaa. Hapa kati hapana fundo. Nikisema nilitia, mbona sikupiga? Nikisema sikutia, nani alitia? Gari halidanganyi. Basi ni mimi. Lakini wapi, tajiri? Wewe ulikuwapo, na wewe huhesabu mara mbili. Nihesabie. Niambie nilipotea wapi."

Nikauchukua. Ndiyo mara ya kwanza vidole vyetu kugusana, na vyake vilikuwa vikavu kama kumba la mnazi. Nikahesabu. Mafundo thelathini na moja. Nikahesabu tena. Thelathini na moja.

"Ni ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Ndivyo hata mimi." Akangoja. Alikuwa na uso ule wa kusikiliza injini.

Maneno yangu yote ya kwenye basi yalikuwa hapo mdomoni. Nikasema, "Nipe nikauhesabu nyumbani, kwenye mwanga mzuri."

Ilikuwa saa sita mchana. Jua lilikuwa limejaa baraza zima. Akautazama mwanga, akanitazama mimi, akasema, "Chukua. Na ukipata jawabu usilipunguze bei."

Uzi ninao hapa, chini ya karatasi hii. Dada yake hunitumia salamu kwa watu wa basi: mzee anauliza kama hesabu imetimia. Hana mwingine anayemtembelea. Nikimwambia, namrudishia akili yake, atawasha jiko, atawasalisha watu. Na namnyang'anya yule mtu mmoja aliyekaa naye miaka minane ng'ambo ya debe, kwa kuwa atajua alikuwa amekaa na nani. Nami nitarudi na basi bila wa kumpa shikamoo. Nimepiga hesabu hiyo kila namna, na kila namna aliyepunjwa ni yeye.

Kwenda, nitakwenda Jumanne. Kusema, nitasema. Bei ya jambo hili sitaitaja, ataitaja yeye, nami nitalipa bila kuongea. Lakini mimi maisha yangu yote nimejua neno la mwisho tu, lile la kuondokea. Nyinyi mnaosoma, mliowahi kumwendea mtu mliyemharibia akawakaribisha kahawa, nishaurini: nikishamaliza shikamoo, nianze na neno gani?